Kukiri kosa dogo badala ya kubwa: mwongozo kamili kwa mshtakiwa na ndugu zake, Tanga

Mshtakiwa akishatamka "ni kweli" mbele ya hakimu, hana tena cha kupeleka mezani kwa Wakili wa Serikali. Wengi huumia hapo. Mtu anashauriwa mahabusu kwamba akikiri mapema atahurumiwa, anakiri shtaka kama lilivyo kwenye hati, halafu ndugu zake ndio wanaanza kuulizia habari ya kupunguziwa kosa. Wamechelewa. Mpangilio wa kisheria uko kinyume chake: kwanza majadiliano, pili maandishi, tatu shtaka jipya, na mwisho kabisa ndipo mtu akiri.

Mwongozo huu ni kwa kesi zilizoko Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Hauchukui nafasi ya wakili, na kwa kesi ya mauaji au ya uhujumu uchumi usithubutu kwenda peke yako.

Sheria yenyewe

Makubaliano ya kukiri kosa yamo kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, vifungu vya 194A hadi 194H. Vifungu hivyo viliingizwa na Sheria Na. 11 ya mwaka 2019, na Jaji Mkuu akatunga kanuni zake zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 180 la mwaka 2021. Namba za vifungu tunazotumia hapa ni zile zilizozoeleka, za matoleo ya kabla ya mwaka 2023. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limepanga namba upya, kwa hiyo ukiona wakili anataja namba nyingine usidhani anakosea. Muulize tu anasoma toleo gani.

Kwa kuwa sheria hii ilizaliwa mwaka uleule wa msamaha wa watuhumiwa wa uhujumu uchumi, Septemba 2019, watu wengi wanaamini kwamba ni jambo la matajiri wanaorudisha mabilioni. Sivyo. Mvuvi wa Sahare, dereva wa bodaboda wa Pongwe na kibarua wa shamba la mkonge wanaweza kuitumia vilevile. Hata kabla ya 2019, katika vikao vya Mahakama Kuu, mshtakiwa wa mauaji aliweza kusema ameua lakini bila kukusudia, na upande wa mashtaka ukakubali. Kilichoongezeka ni utaratibu wa maandishi na ulinzi kwa pande zote mbili.

Kwa makubaliano hayo Mwendesha Mashtaka anaweza kukushtaki kwa kosa dogo zaidi, au kuondoa baadhi ya makosa kwenye hati yenye makosa mengi ili ukiri yaliyobaki. Unaweza pia kuamriwa kulipa fidia, kurudisha mali, au kutaifishiwa kilichopatikana kwa uhalifu na chombo kilichotumika. Hili la chombo liangaliwe kwa makini na watu wa pwani. Mtu anafurahia kupunguziwa kosa, kumbe amesaini kuachia mashua na injini yake.

Kesi ambazo mlango umefungwa

Kifungu cha 194F kinataja makosa yasiyoruhusiwa. Kuna makosa ya kujamiiana ambayo adhabu yake inazidi miaka mitano, au ambayo mwathirika wake ana umri chini ya miaka 18. Kuna uhaini, kuna ugaidi. Kuna kupatikana na dawa za kulevya, au kuzisafirisha, ikiwa thamani yake sokoni inazidi shilingi milioni 20. Nyara za Serikali zenye thamani inayozidi milioni 20 nazo zimo, isipokuwa Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali cha maandishi. Waziri anaweza kuongeza mengine kwa tangazo kwenye Gazeti la Serikali.

Kwa mkoa wa Tanga, wenye mpaka wa Horohoro na njia za panya za Mkinga, kipengele cha dawa za kulevya ndicho kinachowagusa wengi. Aliyekamatwa na mirungi aanze kwa kuuliza swali moja: hati ya uthamini inasema ni shilingi ngapi? Ikiwa haimo kwenye jalada, omba iletwe. Bila thamani iliyoandikwa, hakuna anayeweza kusema kama mlango uko wazi au umefungwa, na wewe utakuwa unajadiliana gizani.

Kuna pia kesi ambazo hazihitaji njia hii. Kesi ya Mahakama ya Mwanzo inaendeshwa kwa utaratibu wake wenyewe, na Sura ya 20 haihusiki huko. Kama ni shambulio la kawaida au ugomvi wa kijirani ulioko Mahakama ya Wilaya, kifungu cha 163 kinairuhusu mahakama kuwahimiza wahusika wapatane. Suluhu ya namna hiyo ni bora mara kumi kuliko kukiri chochote, maana haikuachii rekodi ya kutiwa hatiani. Makosa madogo ya uvuvi na ya mazao ya misitu nayo yana utaratibu wa kufifilishwa: unalipa faini kwa mamlaka husika na kesi haifiki mahakamani. Uliza kwanza hayo mawili kabla ya kukimbilia makubaliano. Mtoto chini ya miaka 18 ana mahakama yake na sheria yake, na mambo yake yashughulikiwe huko.

Pima kama una cha kujadili

Anza na hati ya mashtaka. Tafuta nakala, isome yote, hasa sehemu ya maelezo ya kosa ambapo tarehe, mahali, jina la mlalamikaji na kitendo vimeandikwa. Halafu omba maelezo ya mlalamikaji aliyoyatoa polisi. Kifungu cha 9(3) kinataka mshtakiwa apewe nakala ikiwa mtoa taarifa huyo ameorodheshwa kuwa shahidi. Omba kwa hakimu, mbele ya mahakama, ili ombi liandikwe kwenye mwenendo. Kusanya na vingine: PF3 (fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha) kama kuna aliyeumia, hati ya ukamataji kama kuna kilichokamatwa, ramani ya eneo kama ni ajali, ripoti ya Mkemia Mkuu kama ni dawa au kemikali, na maelezo ya onyo uliyoyatoa wewe mwenyewe kituoni, Chumbageni au kwingineko.

Sasa weka kosa kubwa na dogo kando kwa kando, uone ni kitu gani kimoja kinachoyatofautisha. Mazungumzo yote yatazunguka kitu hicho.

Mauaji na kuua bila kukusudia vinatenganishwa na dhamira ovu. Kifo kipo katika yote mawili na kitendo kisicho halali kipo. Kinachogombaniwa ni alichokuwa nacho mtu moyoni alipopiga. Mahakama huisoma dhamira kwenye mambo yanayoonekana: silaha gani, pigo liliangukia wapi, mapigo mangapi, aliyepiga alisema nini kabla na baada, alikimbia au alimbeba majeruhi kumpeleka hospitali ya Bombo. Ugomvi wa ghafla kilabuni, kofi moja, mtu akaanguka akagonga kichwa kwenye msingi: hapo kuna cha kujadili. Panga lililofuatwa nyumbani na kurudishwa baada ya nusu saa: hapo ni pagumu. Tofauti ya adhabu ni kubwa kuliko zote katika sheria zetu. Mauaji adhabu yake ni kifo peke yake. Kuua bila kukusudia adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha na haina kiwango cha chini, hivyo jaji ana uwanja mpana wa kupima.

Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, hauna huruma: kifungo kisichopungua miaka 30. Ukikiri kosa hilo lenyewe, hata ulie machozi ya damu, hakimu hawezi kushuka chini ya hapo. Ndiyo maana kwenye kosa lenye adhabu ya chini iliyowekwa na sheria, kukiri tu hakukusaidii. Kinachosaidia ni jina la kosa kubadilika. Angalia kama silaha imetajwa na mlalamikaji au imeongezwa baadaye, kama ilipatikana, kama nguvu ilitumika wakati wa kuchukua mali au mali ilichomolewa mfukoni bila mtu kuguswa. Silaha ikiondoka, unabaki unyang'anyi. Nguvu nayo ikiondoka, unabaki wizi.

Kwenye majeraha, PF3 ndiyo inayosema. Kusababisha madhara makubwa mwilini chini ya kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu ni hadi miaka 7. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, ni hadi miaka 5. Shambulio la kawaida, kifungu cha 240, ni hadi mwaka mmoja. Daktari akiandika "michubuko" na hati ya mashtaka ikasema madhara makubwa, una hoja nzito hata kabla ya kukaa chini na mtu. Kwenye ajali za barabarani, mfano wa kawaida ni kushuka kutoka kuendesha kwa hatari hadi kuendesha kwa uzembe. Kama kuna kifo na mashahidi wa mwendo kasi, usitegemee sana.

Na kama ushahidi ni dhaifu kabisa, usijadili chochote. Mtu ambaye hakutenda kosa asikiri kosa dogo ili atoke haraka gereza la Maweni. Miezi ya mahabusu inachosha na inavunja nyumba, na wapo wanaokiri kwa uchovu tu. Lakini kutiwa hatiani hakufutiki kwa kuwa kosa lilikuwa dogo. Litamfuata kwenye ajira ya umma, kwenye leseni ya udereva, na siku akishtakiwa tena, kwani mahakama itaulizwa kama ana kumbukumbu za nyuma.

Barua ya kufungua mazungumzo

Mshtakiwa, wakili wake au Mwendesha Mashtaka, yeyote kati yao anaweza kuanza. Muda upo mpaka kabla ya hukumu kusomwa, ila kadiri mashahidi wanavyozidi kutoa ushahidi mzuri dhidi yako ndivyo thamani ya kukiri kwako inavyoshuka. Wakati mzuri ni baada ya upelelezi kukamilika na kabla ya shahidi wa kwanza.

Barua inaelekezwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, na nakala inakwenda kwa karani wa mahakama yenye jalada ili mahakama ijue kwamba mnakusudia kujadiliana. Aliyeko mahabusu anaandika kupitia kwa Mkuu wa Gereza, naye anagonga muhuri na kuisafirisha. Ndugu walioko nje wafuatilie kama imefika, waombe nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kosa la kawaida ni barua kukaa gerezani wiki kadhaa huku familia ikiamini inashughulikiwa.

Muundo unaotosha ni huu:

*Kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, Mkoa wa Tanga. K.K.: Mkuu wa Gereza.*

*Yah: Kusudio la kuingia makubaliano ya kukiri kosa, Kesi ya Jinai Na. ___ ya mwaka ___, Mahakama ya ___.*

*Mimi ___, mshtakiwa katika kesi tajwa, ninayeshtakiwa kwa kosa la ___ kinyume na kifungu cha ___, naomba kufungua majadiliano kwa mujibu wa kifungu cha 194A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Napendekeza tujadili uwezekano wa shtaka kubadilishwa kuwa ___, kifungu cha ___. Nitawakilishwa na ___ (wakili / ndugu / rafiki). Naomba nipangiwe siku ya kikao. Barua hii si ungamo, na wala si maelezo ya kukiri kosa lolote.*

*Sahihi, tarehe, dole gumba kama hajui kusoma.*

Angalia kisichokuwamo: hakuna simulizi ya tukio. Mtu akiandika kurasa tatu akieleza alivyompiga marehemu na kwa nini, mazungumzo yakivunjika barua ile iko mikononi mwa upande wa pili. Barua itaje nia, simulizi isubiri kikao na makubaliano.

Nani akae nawe

Sheria inataka mshtakiwa awe na wakili. Kama hana, awe na ndugu, rafiki au mtu mwingine anayefaa kisheria kumwakilisha. Mtu huyo ndiye atakayeshuhudia hati. Chagua anayesoma vizuri, mwenye subira, na asiye na maslahi kwenye mali itakayojadiliwa. Mjomba mnayegombania naye shamba la minazi si mtu wa kukaa naye.

Kwa kesi ya mauaji Mahakama Kuu humpangia mshtakiwa wakili kwa gharama za Serikali. Mwambie mapema kwamba unafikiria njia hii, usimshtukize asubuhi ya kikao. Kwa kesi nyingine, Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya mwaka 2017 inamruhusu jaji au hakimu kuthibitisha kwamba mshtakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada, na ombi hilo hutolewa palepale mahakamani. Wasaidizi wa kisheria wa kata wanaweza kukuandikia barua na kukueleza utaratibu, ila hawaruhusiwi kukuwakilisha mahakamani.

Jihadhari na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama wakidai wanamjua mtu ofisini. Kufungua majadiliano hakuna ada. Fidia, faini au fedha yoyote inayoingia serikalini hulipwa kwa kontroli namba na unapata risiti yenye jina lako na namba ya kesi. Anayetaka utume kwenye simu yake ni tapeli, au ni mla rushwa, na vyote viwili vinaweza kukuongezea kesi juu ya kesi.

Mezani

Hakimu au jaji haruhusiwi kushiriki mazungumzo. Akianza kukushawishi kukiri, kuna hitilafu, na wakili wako aiseme. Mwendesha Mashtaka, pale mazingira yanaporuhusu, hushauriana na mwathirika au mpelelezi. Kwa uzoefu wa kesi za namna hii, msimamo wa mwathirika una uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Familia ya mshtakiwa ikienda kuhani na kuomba radhi kwa adabu, kupitia wazee au shehe wa mtaa, inasaidia. Ikienda kutisha, au kumpa shahidi nauli ili apotee, inageuka kuwa kosa jipya na meza inafungwa.

Fika na mambo manne kichwani: kosa unalokubali na namba ya kifungu chake, makosa yanayoondolewa, fedha au mali unayoweza kutoa na kwa muda gani, na maelezo ya tukio unayoweza kuyakubali bila kusema uongo. Usiahidi fidia ya milioni tano kama nyumba nzima mnaishi kwa kuuza dagaa. Fidia isiyolipika inaharibu makubaliano yote.

Kuhusu adhabu, pande zote zinaweza kusema wanachokitarajia, lakini anayetoa adhabu ni mahakama. Ahadi ya mdomo kwamba "utapewa kifungo cha nje" haina maana ikiwa haimo kwenye karatasi, na hata ikiwamo haimfungi mikono hakimu. Upime uamuzi wako kwa adhabu ya juu ya kosa unalokiri. Kama hiyo huwezi kuibeba, usisaini.

Wakili wa Serikali mnayeongea naye si lazima awe ndiye mwenye neno la mwisho. Idhini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, au ya aliyekasimiwa mamlaka hayo, hutolewa kwa maandishi. Uliza idhini imefikia wapi kabla ya kutangaza nyumbani kwamba mambo yameisha.

Kusoma hati kabla ya kusaini

Hati lazima iwe ya maandishi, ieleze masharti yote, maelezo muhimu ya tukio na yale unayoyakubali. Isomwe na kuelezwa kwa lugha unayoielewa. Isainiwe na Mwendesha Mashtaka, mshtakiwa na wakili, au na ndugu au rafiki anayeshuhudia. Mzee wa Lushoto anayeelewa Kisambaa vizuri kuliko Kiswahili ana haki ya mkalimani, na mkalimani naye athibitishe kwamba alifasiri sawasawa.

Tumia muda mrefu zaidi kwenye maelezo ya tukio. Watu hukazana na jina la kosa juu ya karatasi wakasahau kwamba hakimu ataadhibu kwa kuangalia kilichoandikwa chini. Shtaka linaweza kusema kuua bila kukusudia, huku maelezo yakisema mshtakiwa alimvizia marehemu na kumkata mara sita. Jaji akisoma hivyo, ama atakataa makubaliano kwa kuwa maelezo yanaonyesha mauaji, ama atatoa kifungo kirefu. Kinyume chake nacho kina hatari: maelezo yaliyopunguzwa mpaka hayaonyeshi kosa lolote. Ukikiri wizi lakini maelezo hayasemi kwamba ulichukua mali ya mtu bila ridhaa yake ukiwa na nia ya kuichukua moja kwa moja, kukiri huko hakuna miguu ya kusimamia. Kesi inaweza kurudishwa upya miaka miwili baadaye, wakati ulishadhani imezikwa.

Hakikisha pia tarehe, majina na kiasi cha mali vinalingana na hati mpya ya mashtaka. Makosa yanayoondolewa yatajwe kwa namba zake, moja baada ya jingine. "Makosa mengine yataondolewa" haitoshi. Vielelezo navyo vitajwe: pikipiki inarudi kwa nani, simu inarudi kwa nani, mashua inataifishwa au la.

Siku ya kusajili makubaliano

Makubaliano hupelekwa kwenye mahakama yenye mamlaka ya kusikiliza kosa husika. Kama ni kesi ya mauaji iliyoko kwa Hakimu Mkazi kwa kutajwa tu, subiri Mahakama Kuu.

Mshtakiwa anaapishwa kwanza. Kisha mahakama inamuuliza yeye mwenyewe, si wakili wake. Ataelezwa kwamba anaachia haki ya kesi kusikilizwa kwa mashahidi. Ataelezwa kwamba anaachia haki ya kukata rufaa, isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Ataelezwa pia kwamba maneno yake kwenye makubaliano yanaweza kutumika dhidi yake akishtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Ataulizwa kama amelazimishwa. Ajibu kwa sauti na kwa ukweli. Kama aliambiwa asiposaini mkewe atakamatwa, hapa ndipo mahali pa kusema.

Ikiridhika, mahakama husajili makubaliano. Hati ya mashtaka iliyobadilishwa husomwa, na mshtakiwa anaulizwa upya kuhusu kosa dogo. Utaratibu wa kukiri ni uleule uliowekwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973. Shtaka na kila kiungo cha kosa kielezwe kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa kadiri inavyowezekana. Upande wa mashtaka usome maelezo ya tukio, mshtakiwa aulizwe kama ni ya kweli au ana la kurekebisha, na akikubali ndipo atiwe hatiani.

Mwandae mshtakiwa kwa jibu lenye nyama. "Ni kweli" tupu huzaa mabishano kwenye rufaa. "Ni kweli nilimpiga ngumi Juma tarehe hiyo pale Makorora, akaanguka akafa, sikukusudia kumuua" inatosheleza kuua bila kukusudia. Lakini akisema "ni kweli nilimpiga, ila yeye alinishika koo nikawa najitetea", hapo ameleta utetezi. Hakimu anayejua kazi yake ataandika kwamba mshtakiwa amekana, na makubaliano yote yanasimama. Mara nyingi hilo hutokea kwa sababu mtu anaona aibu mbele ya ndugu waliojaa benchi za nyuma, anataka kujisafisha kidogo. Mwambie mapema: nafasi ya kueleza mazingira inakuja baada ya kutiwa hatiani, kwenye maombi ya kupunguziwa adhabu.

Maombi hayo yaandaliwe kwa karatasi. Yaseme kwamba ni kosa la kwanza, kwamba amekiri na kuokoa muda wa mahakama na mashahidi, siku alizokaa mahabusu kwa tarehe kamili, wategemezi, ugonjwa ukiwapo na cheti chake, na fidia iliyokwisha kulipwa na risiti zake. Kwa makosa yanayoweza kuadhibiwa kwa kifungo kisichozidi miaka mitatu, omba huduma kwa jamii, yaani kazi ya jamii badala ya kukaa gerezani, chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002. Itaje adhabu hiyo kwa jina, na mwambie hakimu mshtakiwa anaishi kata gani ili afisa wa huduma kwa jamii aweze kumfanyia tathmini.

Makubaliano yakikataliwa, au yakiharibika

Mahakama inaweza kuyakataa kwa sababu za msingi. Kukataliwa hakuzuii pande hizo kukaa tena, kwa hiyo sikiliza sababu na uziandike. Nyingi zinarekebishika: maelezo hayalingani na kosa, mwathirika hakushirikishwa, hati haikushuhudiwa.

Baada ya hukumu, njia ziko mbili na watu huzichanganya. Aliyeingizwa bila hiari yake au kwa kudanganywa kuhusu makubaliano anaomba kutengua kutiwa hatiani na adhabu kwenye mahakama ileile iliyotoa adhabu, kwa kifungu cha 194G. Mkurugenzi wa Mashtaka naye ana haki hiyo kama kulikuwa na udanganyifu, mfano mshtakiwa alificha mali. Anayelalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu anakata rufaa. Kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, taarifa ni ndani ya siku 30. Aliyeko gerezani anatoa taarifa hiyo kupitia kwa uongozi wa gereza, na aitoe siku zile za mwanzo mwanzo, asisubiri nakala ya hukumu.

Kwa aliyekiri kwa njia ya kawaida, bila makubaliano ya maandishi, kesi ya Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1983 inataja mianya minne ya kupinga kutiwa hatiani kwenyewe: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, mshtakiwa alikiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa linalotambuliwa na sheria, au kwa maelezo aliyoyakubali hangeweza kisheria kutiwa hatiani. Ili kujua kama mmojawapo unakuhusu, omba kwa karani nakala ya mwenendo wa siku ile na usome maneno yaliyoandikwa kuwa ni ya mshtakiwa, neno kwa neno, pamoja na maelezo ya tukio yaliyosomwa baada yake.